Kabla ya Dripu ya Kwanza

Ibada ya kumuaga Violet ilifanyika Kangemi, kanisani kwao, siku moja kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Vihiga. Kaka yake alisoma wasifu wa marehemu taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba Mungu hakumjalia mtoto, kina mama wakaguna kwa huruma, naye akavuka hapo haraka kama mtu anayeruka dimbwi, akaingia kwenye habari za kwaya na chama cha akina mama. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimekunja ngumi mapajani. Sina ugomvi na Mungu. Lakini nilikuwepo, na najua kwamba kabla ya jambo lile kumfikia Mungu lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi: daktari, profesa, mama mkwe, mwanamume aliyekaa kimya, na mimi mwenyewe na maswali yangu. Maisha ya mwanamke yakifupishwa kuwa sentensi moja ya kanisani, mwaka mzima wa mapambano unapotea, na watu wanakwenda nyumbani kunywa chai. Mimi sikunywa. Nilitembea kwa miguu mpaka barabara kuu, nikiwa na hasira niliyodhani imeniisha zamani.

Mwaka ule wa mapambano nilikuwa na miaka ishirini na mitano na shahada ya sosholojia ambayo haikuwa imenifaa kitu. Nilikuwa nimezungusha vyeti mjini hadi walinzi wa majengo kadhaa wakanijua kwa jina. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Uthiru, na siku niliyopigiwa simu kwamba nimepata kazi ya utafiti ya mwaka mmoja, nilikaa kitandani nikala mkate mzima na siagi kwa furaha. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya juu ya jengo la zamani ambalo lifti yake ilikuwa na kibandiko cha "inatengenezwa" tangu nifike mpaka nilipoondoka. Harufu ya chipsi zilizokuwa zikikaangwa chini ilipanda hadi kwenye madirisha yetu kuanzia asubuhi. Mkuu wetu alikuwa Profesa, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka, na aliyekunywa maji moto na ndimu badala ya chai. Alitaka kujua jambo moja: wanawake vijana wenye saratani huambiwa nini kuhusu uzazi kabla hawajaanza kutibiwa, na nani huamua. Kwa miaka alikuwa amepeleka wazo hilo kwenye mikutano ya wanaume waliomuuliza kwa nini anahangaika na habari za watoto na hali watu wanakufa. Kwa hiyo nilimheshimu, na bado namheshimu, ingawa katika mwaka ule hakuna mtu aliyenikasirisha kumshinda. Siku ya kwanza alituketisha akatupa kanuni yake. "Sisi ni masikio," alisema. "Hatuna mdomo."

Hospitali tuliyofanyia utafiti ilitupa stoo ya kufanyia mahojiano, chumba kilichojaa vyuma vya kutundikia dripu vilivyovunjika magurudumu, na viti viwili vya plastiki katikati. Hapo ndipo nilipowauliza wanawake waliokwisha kuanza matibabu, mmoja mmoja, swali ambalo mpaka leo naweza kulisema usingizini: kabla ya matibabu kuanza, kuna mtu aliyekueleza kwamba dawa zinaweza kupunguza uwezo wako wa kupata mtoto? Nilitarajia wajibu ndiyo au la. Sikutarajia "kwani". Wa kwanza, mwalimu wa chekechea, alisema, "La. Kwani zinapunguza?" Mwingine, mchumba wa mtu, mahari imeshaanza kwenda, alisema, "Kwani?" kisha akaanza kukunja na kukunjua leso yake. Na mimi, kwa kanuni ya Profesa, nilipaswa kutabasamu na kusema: tafadhali muulize daktari wako. Walikuwa katikati ya dripu zao. Nywele zimekwisha kudondoka. Swali letu liliwafikia kama mtu anayekuja kukuuliza kama ulifunga mlango, nyumba ikiwa imeshaibiwa.

Nililalamika. Profesa alikuwa na desturi ya kula chakula cha mchana nasi mezani pale pale, githeri kwenye chombo cha plastiki, na nikamwambia kwamba tunawaumiza. Kwa nini tusiwaulize kabla hawajaanza? Kwa nini tusiwaambie? Akaweka kijiko chini. "Wanja, nikiwaambia wote, nitakuwa nimepima nini? Nitakuwa nimepima ninyi. Nikileta matokeo kwamba wanawake wameelezwa, na walioeleza ni wasaidizi wangu, wale wanaume watacheka." Nikamwambia kwamba wanawake hawa hawajui hata kama kuna wanaume wanaocheka. Akasema, "Ndiyo maana nafanya kazi hii. Ili wanaokuja baada yao wajue." Wanaokuja baada yao. Maneno hayo nilikwenda nayo Uthiru jioni ile, na kila nilipoyageuza yalikuwa sahihi, na kila yalipokuwa sahihi nilizidi kukasirika.

Violet alinijia kwa makosa ya hospitali. Alikuwa ameandikwa miongoni mwa walioanza kemo, zile dawa za saratani za dripu, lakini dawa ilikuwa imeisha, dripu yake ya kwanza ikasogezwa mbele, na hakuna aliyekumbuka kutuambia. Akaingia stoo mwanamke mnene kidogo, mchangamfu, msusi wa Kenyatta Market, amesukwa mistari myembamba iliyonyooka kama barabara za ramani. Ziwa la kushoto lilikuwa limekatwa, naye alikuwa amejaza kitambaa upande ule kwa ustadi hata nisingejua. Alikagua nywele zangu kabla hajaketi. "Nani alikufanyia hiyo?" akauliza kwa masikitiko. Nikacheka, kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Tukazungumza. Ana miaka ishirini na saba, ameolewa, mume anaitwa Shadrack, fundi wa kuweka vigae. Watoto bado. Wanaishi Kangemi, upande wa kushukia Mountain View. Kisha nikafika kwenye swali langu.

Akanitazama. "Rudia."

Nikarudia.

"Hiyo ni swali ama ni habari?"

Nikaanza kusema tafadhali muulize daktari wako, akanikatiza.

"Wanja, si ndiyo jina lako? Nimekuuliza. Hiyo ni swali ama ni habari?"

"Ni habari," nikasema.

Akageuka akatazama vile vyuma vilivyovunjika. "Sasa hii ndiyo njia ya mtu kuambiwa? Kwa stoo?" Kisha kwa sauti ya chini: "Na nilikuwa nianze juzi."

Nikamwambia niliyoyajua, nayo yalikuwa machache: kwamba dawa zile huchosha mayai ya mwanamke, wengine hupona na uzazi wao na wengine huupoteza, kwamba kuna mambo yanayoweza kujaribiwa lakini ni kabla ya dripu ya kwanza, na kwamba daktari ndiye anayejua. Sijawahi kujuta. Watu wameniuliza mara nyingi, Profesa akiwa wa kwanza, na jibu ni hilo.

Violet aliniomba niende naye kumwona daktari. "Wewe unajua maneno yao," alisema. Shadrack alikuja pia, mrefu, mpole, vumbi la saruji kwenye nyusi. Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya uchovu, na korido yake ilijaa watu mpaka wengine walikuwa wamekaa sakafuni. Alimwonyesha Shadrack kiti kilichokuwa karibu na meza. Violet akakaa nyuma, karibu na mlango, mimi nikasimama. Na daktari akaanza kumweleza Shadrack habari za mwili wa Violet. Mke wako atachoka, mke wako atatapika, usimpe vyakula vya kuachwa nje.

"Daktari," Violet akasema, "na mambo ya kuzaa?"

Daktari akamjibu Shadrack. "Tuokoe maisha kwanza. Watoto tutaongea baadaye."

"Baadaye lini?"

"Matibabu yakiisha."

"Na yakiisha kukiwa hakuna kitu ya kuongea?"

Hapo ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza. Akapumua. Akasema kuna kliniki za watu binafsi huko mitaa ya magharibi ambako mayai hutolewa na kugandishwa, lakini hizo si za watu wa foleni hii. Akasema pia kuna sindano, ya kila mwezi, ambayo hulaza mayai usingizi wakati dawa zinapita. Inasaidia wengine. Hakuna uhakika. Huanzwa kabla ya dripu, kiasi cha wiki moja hivi.

"Mbona hukusema?" Violet akauliza.

"Hamuulizi," daktari akasema, akiandika.

Nimelisikia neno hilo mara nyingi baadaye katika maisha yangu, ofisini, shuleni kwa watoto wangu, benki. Hamuulizi. Mtu atauliza vipi kitu ambacho hajui kama kipo? Lakini siku ile sikupata nafasi ya kulisema, kwa sababu tulipokuwa tukitoka daktari aliniita. "Wewe wa utafiti. Baki." Akangoja mlango ufungwe. Akasema palikuwa na mwanamke mwingine, katika kiti kile kile. Alimweleza kila kitu, kwa upole, kama walivyofundishwa. Yule mama akaenda nyumbani azae kwanza. "Alirudi na mtoto mgongoni na saratani kwenye mifupa. Mtoto sasa analelewa na nyanya yake." Akasugua macho. "Mnakuja hapa na maswali yenu, mnaondoka. Ukimwambia mtu kitu, ujue unamwambia pia aliye nyumbani kwake." Nilitoka nimeudhika zaidi kuliko nilivyoingia.

Aliyekuwa nyumbani kwa Violet alikuwa mama mkwe, aliyefika kutoka magharibi ya nchi na mfuko wa mboga na kuku hai. Jumamosi iliyofuata nilialikwa chakula. Chumba chao kilikuwa safi hadi miguu ya meza iling'aa, na ukutani Shadrack alikuwa amebandika vigae vilivyobaki kazini, kila kimoja rangi yake. Tulikula ugali na mrenda na kipande cha yule kuku, na mama mkwe alinikaribisha vizuri, akanijazia sahani, akaniita binti yangu. Baada ya kula alitoka nje na mwanawe. Violet na mimi tulikuwa tukiosha vyombo kwenye beseni, na ukuta ule wa mabati haukuficha neno.

"Azae mmoja tu," alikuwa akisema yule mama. "Mmoja tu, Shadrack, halafu hao madaktari wamchukue. Utabaki na nini wewe?"

Tulingoja Shadrack aseme kitu. Tulisikia akikohoa. Tulisikia redio ya jirani. Violet aliendelea kusugua sufuria lililokuwa limeshatakata. "Unasikia?" akaninong'oneza. "Hata hajasema mimi ni mtu mbaya. Ananipenda, huyo mama. Ananihesabu tu kama nimeshaenda."

Siku ya miadi aliyopangiwa na daktari, Violet hakufika kliniki. Simu yake ikawa imezimwa. Wiki ikapita, na nyingine. Kila nilipopita koridoni daktari alinifuata kwa macho mpaka mwisho. Profesa naye alikuwa amepata habari. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kama najua nilichokifanya. Nikasema najua. "Hujui," akasema. "Kama amekimbia matibabu kwa sababu yako, utafiti huu utafungwa, na hakuna mtu atakayeuliza swali hili tena kwa miaka kumi." Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nimekasirika naye, na daktari, na yule mama mwenye ukarimu, na Shadrack na kikohozi chake, na Violet kuliko wote, kwa kuwathibitishia kwamba walikuwa na haki ya kutosema.

Nilimpata Kenyatta Market, nilikopaswa kumtafuta tangu mwanzo. Moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda kwenye vichochoro, wasichana wa saluni wakivuta wateja mikono, nami nikapenya katikati ya vibanda mpaka nikamwona, amesimama nyuma ya mteja, mkono wa kushoto umevimba tangu upasuaji, anasuka kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika tu.

"Umenitafuta ama umetumwa?"

"Nimekutafuta. Violet, unafanya nini hapa?"

"Si unaona? Nasuka." Mteja akajifanya anasoma simu. "Daktari anataka niishi. Mama anataka nizae. Shadrack anataka kelele iishe. Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka uende kliniki wiki hii."

"Ona sasa. Hata wewe umekuja na yako."

Nikaketi kwenye benchi. Nilikuwa nimechoka, na nadhani ni uchovu ulionisaidia, kwa sababu sikuwa na hotuba iliyobaki. Nikamuuliza anataka nini. Akamaliza msuko mmoja, akaufunga, akaanza mwingine.

"Sijakimbia," alisema mwishowe. "Nilikuwa nafikiria. Kuna mtu alinipa siku ya kufikiria? Nilikatwa ziwa Jumanne na Ijumaa nimeambiwa tarehe ya dripu." Akavuta nywele. "Nataka kuishi, Wanja. Sitangoja kuzaa, mimi si mjinga. Lakini hiyo sindano naitaka. Isipofanya kazi, isifanye. Na siku hiyo Shadrack atangoja nje, mimi ndio nitakaa kwa hiyo kiti."

Na alikaa. Alikwenda wiki ile, akapita korido yote, akaketi kiti cha karibu na meza kabla hajaambiwa. Mimi nilibaki nje na Shadrack, kwa hiyo sijui walisemezana nini. Najua alikaa ndani muda mrefu hata foleni ikaanza kunung'unika, na alipotoka alikuwa na karatasi ya sindano. Sindano yenyewe haikuwepo hospitalini. Wasusi wenzake walichanga, na Shadrack, bila kumwambia mama yake, akauza mashine yake ya kukatia vigae na kwenda kuinunua kwenye duka la dawa mjini. Aliileta ndani ya chupa ya chai yenye barafu, ameikumbatia kama mtoto. Hilo nalo halikusomwa kwenye wasifu.

Watu wakiisikia hadithi hii huniuliza kama sindano ilifanya kazi. Sijui. Hedhi yake ilirudi mwaka uliofuata. Alinipigia simu kunieleza akipiga kelele za furaha juu ya mvumo wa mashine za kukaushia nywele. Mimba iliingia mara moja, ikatoka. Baadaye mama mkwe alimletea Shadrack msichana wa kuoa kutoka nyumbani, na Shadrack, baada ya kukohoa kwa mwaka mzima, alikwenda. Violet akafungua saluni yake, akaishi, akaimba, akagombana na watu, mpaka ugonjwa uliporudi mwaka jana. Hilo swali la kama sindano ilifanya kazi huniudhi kwa sababu linafanana na ile sentensi ya kanisani. Linatafuta mtoto. Nilimuuliza yeye mwenyewe siku moja kama ilikuwa kazi bure. Akasema, "Bure vipi? Niliambiwa, nikachagua. Wenzangu waliamka tu wakapata uzazi umeenda."

Mwishoni mwa mwaka ule wa utafiti Profesa aliniita tena. Alikuwa ametulia, na hata alinimiminia maji yake ya ndimu. Mahojiano ya Violet yangeondolewa kwenye utafiti, alisema, kwa sababu mhojaji aliingilia kati. Mkataba wangu nao usingeongezwa.

"Lakini yeye peke yake ndiye aliyeelezwa kwa wakati," nikasema. "Yeye ndiye mfano wa unachokitaka."

"Najua."

"Kwa hiyo ripoti itasema hakuna aliyeelezwa."

"Itasema ukweli," Profesa alisema. "Hospitali haikumweleza. Ulimweleza wewe." Kisha akavua miwani. "Ungekuwa binti yangu ningejivunia. Lakini wewe ni msaidizi wangu."

Nilishuka ngazi zote zile bila kujua kama nimetukanwa au nimesifiwa. Ripoti ilitoka baadaye, ikasema wanawake wengi wangependa kupewa maelezo zaidi. Nilipomweleza Violet kwamba ameondolewa, alicheka kwanza, kisha akakunja uso. "Yaani mimi siko? Na hiyo utafiti ni ya nani?"

Desemba ya mwaka ule ule nilikwenda kukaa naye kwenye dripu yake ya mwisho, sasa nikiwa mgeni tu, bila kitambulisho shingoni. Wodi ilijaa. Violet alikuwa na kipara kinachong'aa na hereni kubwa. Kitanda cha pili alilazwa msichana mgeni, hata ishirini na tano hajafika, mume wake amesimama kando ameshika mkoba wake. Daktari alifika, akaanza, kama ilivyokuwa desturi yake, kumweleza mume. Kisha akasita. Akatutupia jicho. Akamgeukia yule msichana na kusema, kwa sauti ya kumfikia mtu wa mwisho wa wodi, "Mama, una mpango wa kuzaa?"

Vichwa vyote viligeuka. Mhudumu wa uji akasimama na kijiko hewani. Msichana alijifunika uso kwa shuka. Nilihisi hasira ya mwaka mzima ikinipanda, nikataka kusimama, nikataka kupiga kelele kwamba hata wakiuliza hawajui kuuliza. Violet akanishika mkono, na sindano ya dripu ikiwa bado mshipani mwake, akainuka kidogo kwenye mto.

"Daktari," akasema, "si hivyo. Vuta pazia kwanza. Halafu keti."

Daktari alitupia mlango jicho. Korido ilikuwa imejaa, kama kawaida. Kisha akatafuta kiti, akakikosa, akaketi ukingoni mwa kitanda cha yule msichana, akanyoosha mkono na kuvuta pazia.